Wimbo wa Mshahara Usiokaa

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye duka la kanda za muziki pale Huruma, Bosi hakuniuliza nimesoma mpaka wapi. Alishika kanda, akanionyesha vipande viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwa kanda hiyo.

"Ukivivunja hivi, mashine haiwezi kurekodi juu ya wimbo. Usipovunja, siku moja utanilaza njaa. Umesikia, msichana?"

Nyinyi mnabonyeza simu tu. Sisi tulikuwa tunadabu: mteja analeta kanda tupu na orodha ya nyimbo, namnakilia mmoja mmoja, nikipima dakika ili wimbo usikatike upande ukiisha. Miaka hiyo ya tisini viwanda vilikuwa vinapunguza watu, na watu walitaka nyimbo za pesa. Karo, kodi ya nyumba, unga. Unga ukipanda, waimbaji wetu wanabadilisha ubeti, na wateja wanakuja kuuliza, "Iko ile ya bei mpya?"

Aliyewashinda wote alikuwa Baba Rispa, mtu wa Busia, aliyekuwa amepunguzwa kwenye kiwanda cha blanketi. Yeye na rafiki yake mpiga gita walirekodi dukani kwetu wimbo kuhusu mshahara unaopiga hodi kila mwisho wa mwezi lakini haukai. Lo! Nilicheka mpaka machozi. Bosi akasema tutaanza kuuza Jumamosi. Mpiga gita naye akapanda basi, akarudi kwao kabisa.

Na mimi? Sikuvivunja vile vipande vya kanda ya wimbo huo. Alhamisi nikadabu kwaya ya mteja juu ya kanda ileile, na nakala nyingine haikuwepo. Nilipogundua, nilijua Bosi atanifukuza. Wadogo zangu wawili walikuwa wanasoma kwa kazi hiyo.

Nilimwambia Baba Rispa kwanza, pale mlangoni. Alikuna kichwa. Mara Bosi akatoka ndani.

"Kanda yetu iko tayari?"

"Mimi ndio nimemwambia aifute, Bosi," Baba Rispa akajibu. "Unga umepanda tena jana. Nataka kuimba upya."

"Bila gita?"

"Nipe debe tu."

Aliimba akipiga debe, na akina mama waliokuwa kwenye foleni ya kusaga mahindi hapo jirani wakaitikia. Eh, wimbo ulivuma! Kutoka Huruma hadi Majengo waliutaka, nikadabu mpaka vidole vikauma.

Sasa nimestaafu. Watu wa rika langu tukikutana huniambia hakujawahi kuwa na wimbo kama ule wa debe, nami naitikia kwa kichwa. Lakini ule wa gita tuliusikia watu wanne tu, na ulikuwa mzuri kuushinda huu wa debe, tena kwa mbali. Baba Rispa alilijua hilo vizuri aliposema anataka kuimba upya. Mpaka tunamzika, hakuwahi kunikumbusha kosa langu hata siku moja.