Nusu Tofali Kwenye Foleni ya Bafta

Mwalimu wa halaiki alitoka mji mmoja wa bandari huko Korea, na kitu cha kwanza alichoniuliza, kupitia kwa mkalimani wake, kilikuwa hiki: "Mchana, wageni wenu huwa mnawafanyia nini?"

Kwetu mgeni akija mchana analishwa, anatandikiwa mkeka, analala. Jua la Dar likishafika utosini, mtu mwenye akili zake hatembei. Lakini yule mama hakuwa wa kulala mchana. Alikuwa mfupi, mkavu, mtu wa makamo, nywele kazikata usawa wa masikio, na filimbi haikumtoka shingoni hata wakati wa kula. Asubuhi na jioni alikuwa uwanjani akiwapanga watoto wa shule, mamia kwa mamia, mpaka wakawa ua, wakawa jembe, wakawa maandishi. Kati ya saa nne na saa tisa watoto walipumzishwa kukwepa jua, na hapo ndipo alipokabidhiwa kwangu. Mimi nilikuwa karani kwenye ofisi iliyowapokea wageni hao. Bosi alisema amenichagua kwa sababu siwezi kutulia kitini.

Hakukosea. Mama yangu alikuwa akisema nimezaliwa na kiherehere, kwamba hata tumboni nilimchosha. Tuliishi wawili, yeye na mimi, chumba kimoja cha kupanga Kariakoo, nyumba ya vyumba sita na ua wa pamoja.

Mkalimani alikuwa kijana mrefu aliyejifunza Kiswahili vitabuni, akakisema kama anasoma risala. Nilimwomba aniulizie na mimi: huko kwao, mgeni hufanyiwa nini mchana?

"Katika mji wetu, ndugu," akatafsiri, "mgeni huamka saa kumi na mbili na kufagia ufukwe pamoja na wenyeji, kwa kujitolea. Saa tatu huogelea karibu na misonobari. Saa tano huonyeshwa bandari ya samaki. Saa sita hula tambi za baridi. Saa nane husikiliza watoto wakiimba. Saa kumi hupanda kilima kuitazama ghuba."

"Analala saa ngapi?"

Yule mama akacheka, mara ya kwanza tangu nimwone. "Usiku," akasema mkalimani.

Basi ikawa kazi yangu kuujaza mchana wa Dar es Salaam. Jumatatu niliwapeleka kutazama vinyago. Jumanne tulikwenda kiwanda kimoja, tukakuta mashine zimesimama kwa kukosa vipuri, tukapigwa picha nazo hivyo hivyo. Jumatano nilianza kuishiwa. Alhamisi ndiyo siku ninayotaka kuisimulia, na siku hiyo, Mungu anisamehe, ratiba yangu haikuwa ya wageni hata kidogo.

Usiku wa Jumatano uvumi ulikuwa umepita mtaani kwamba duka la ushirika litaletewa bafta, nguo nyeupe ya sanda. Wale ambao hawakuishi miaka ile hawawezi kuelewa neno hilo lilivyotikisa nyumba. Nguo ilikuwa imeadimika. Watu walikuwa wanazikwa kwa mashuka ya kuazima. Mama alikuwa na sanda yake mwenyewe, imekunjwa chini ya sanduku pamoja na karafuu maiti na ubani, kama wazee wengi wa pwani walivyojiwekea. Mwaka uliotangulia jirani yetu alifariki, hapakupatikana nguo, mama akafungua sanduku akaitoa. Hakuna aliyemwomba. Tangu siku hiyo sanduku lile likawa linamkera.

"Mimi siumwi," aliniambia mara mia. "Sitaki kufa. Nataka kuiona tu pale ilipokuwa, nilale."

Kwa hiyo alfajiri ya Alhamisi, kabla ya kwenda kazini, niliweka jiwe. Hivyo ndivyo tulivyofanya. Mtu hawezi kushinda dukani siku nzima naye ana kazi, basi huacha kitu chake kwenye foleni kishike nafasi: jiwe, kopo, kikapu kilichotoboka, kigoda. Kitu hicho ndiye wewe. Hakuna aliyekigusa, hata mwizi. Changu kilikuwa nusu tofali lenye doa la chokaa. Mbele yangu kulikuwa na vitu thelathini na viwili. Nilivihesabu mara mbili, na mara ya pili nilijisikia vibaya kuliko ya kwanza. Gari la mzigo lingekuja saa yoyote. Likija hupo, jiwe lako halisemi.

Niliwapeleka wageni Feri, kwenye soko la samaki. Yule mama alijisikia nyumbani. Alichuchumaa mbele ya muuza samaki, akafunua mashavu ya changu kwa kidole, akanusa, akatikisa kichwa, akaenda kwa mwingine. Wauzaji wakampenda papo hapo. "Huyu mama anajua, huyu! Mchina kweli wewe?" Mkalimani akaanza kueleza tofauti ya Mchina na Mkorea, kwa utaratibu, kuanzia historia. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye matope ya samaki, nabadilisha mguu huu na huu, natazama saa ya mkalimani. Kwa nini samaki wana mambo mengi hivi?

Nikamwambia dereva apitie Kariakoo kurudi mjini. Tukapita. Gari la mzigo halijafika, tofali langu lipo. Nikawapeleka bustani moja, tukakaa dakika kumi, nikamwambia dereva apitie Kariakoo kwenda kula. Baada ya kula nikamwambia tena.

"Dada," dereva akasema, "huu mtaa una nini leo?"

"Una historia," nikasema.

Mara ya tatu yule mama aligonga dirisha, akaomba washuke watembee. Ilikuwa saa saba imepita, watu wameingia ndani kula, wengine wako msikitini, mtaa umetulia. Nikawakalisha kwenye baraza karibu na duka, nikakimbia nyumbani kuchukua kadi ya duka niliyoisahau asubuhi. Mama hakuwapo, alikuwa amekwenda Buguruni tangu mapema kumwona dada yake. Sidhani kama nilikawia robo saa. Kadi ilikuwa imeangukia nyuma ya meza.

Niliporudi, foleni haikuwapo.

Barabara mbele ya duka ilikuwa nyeupe, imefagiwa. Pembeni, chini ya ukuta, mawe yote yamepangwa chungu moja safi, makopo juu ya makopo, vikapu upande wao. Yule mama alikuwa anafuta mikono. Mkalimani alikuwa na ufagio wa njukuti za mnazi, sijui alimwazima nani, na uso wake ulikuwa na furaha kubwa.

"Ndugu, tumefanya kazi kidogo ya kujitolea," akasema. "Watu walikuwa wametupa vitu barabarani."

Sauti iliyonitoka siijui mpaka leo. Watu wakatoka milangoni. Mama mmoja akashika kichwa. "Jamani! Wameifuta foleni!" Wakaanza kuchambua ile chungu, kila mtu analitetea kopo lake, huyu alikuwa wa tatu, yule anasema wa tatu ni yeye, mtu akavutwa kanzu. Na kana kwamba hiyo haitoshi, gari la mzigo likakata kona.

Mkalimani alipoelewa, rangi ilimtoka. Akamweleza mwalimu wake. Yule mama alisikiliza, akaitazama barabara tupu, kisha akaweka filimbi mdomoni akaipuliza. Watu wote wakanyamaza, kwa mshangao zaidi kuliko utii.

Akafumba macho. Midomo ilikuwa inacheza. Akafumbua, akachukua jiwe la kwanza, akaliweka mlangoni pa duka. Akachukua kopo la samli, akaliweka nyuma yake. Kigoda. Jiwe. Kikapu. Alikuwa amevitoa kimoja kimoja kwa mpangilio, na kazi yake maisha yote ni kukumbuka nani anasimama wapi. Watu wakaanza kucheka kwa kustaajabu. "Hilo langu, kweli, nyuma ya kigoda!" "Mwacheni, mwacheni, huyu si mtu wa kawaida!" Hakuna aliyepinga hata mmoja. Mtaa mzima ulimwamini.

Mimi nilikuwa nahesabu. Mpakuzi mmoja wa gari la mzigo alikuwa ameshasema kwa sauti kwamba majora ni machache, yatafika watu thelathini yakijitahidi. Yule mama aliweka cha ishirini na nne, cha ishirini na tano. Akainama kuchukua kandambili moja ya kijani.

"Hapana," nikasema. "Hapo palikuwa na hili tofali. Kandambili ilikuwa huku nyuma."

Hakuhitaji mkalimani. Alinitazama, macho yake yakakaa usoni mwangu muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Labda aliona kwamba ni mimi mwenyeji wake ninayesema, mbele ya watu wangu, naye ndiye aliyekosa. Akaiweka kandambili chini. Akachukua tofali langu, akaliweka pale.

Mwenye kandambili alifika mauzo yameshaanza. Alikuwa mzee mwembamba kutoka kusini, amehamia mtaa wa nyuma hana hata miezi miwili, mguu mmoja umevaa, mwingine mtupu umejaa vumbi. Akaangalia mbele, akaangalia nyuma.

"Mimi nilikuwa hapa," akasema taratibu, akionyesha karibu yangu. "Nyuma ya hiki kikapu."

"Mzee, shikamoo," mama mmoja akamjibu, "foleni kapanga mgeni, na mgeni hajakosea hata jiwe moja. Nenda kwenye kiatu chako."

"Nina msiba nyumbani," akasema.

Foleni ikacheka. Siku zile kila mtu alikuwa na maiti nyumbani. Wiki chache nyuma mwanamke mmoja alilia hivyo hivyo mpaka akapitishwa mbele, na baadaye akaonekana amejishonea mashuka. "Nani hana msiba, mzee?" mtu akasema. Mzee hakubishana. Alikwenda nyuma, akasimama kando ya kandambili yake bila kuivaa.

Nilimsikia. Sitaki kusema sikumsikia. Nilitazama mbele, na nilipopimiwa nguo yangu niliikumbatia nikatoka haraka. Bafta ilimfikia mtu wa nne kabla yake. Nikiwa garini nilimwona akimuuliza muuzaji kitu, muuzaji akionyesha mikono mitupu. Kisha mzee akatia mguu kwenye kandambili, akaenda zake.

Tuliporudi uwanjani yule mama aliuliza ile ni nguo ya nini. Nikaeleza. Akaitikia kwa kichwa, akasema kwao nako watoto huwashonea wazazi nguo ya kaburi mapema, ya kitani, na mama yake alijishonea mwenyewe kwa sababu hakuamini mishono ya mtu mwingine.

"Mama yako anaumwa?"

"Hapana. Mzima kabisa."

Kisha akasema sentensi moja fupi, na mkalimani akaitafsiri huku akitazama nje.

"Anasema, kile kiatu kilikuwa cha ishirini na sita."

Nilikasirika. Nilitamani kumwambia kwamba asingegusa mawe ya watu yote haya yasingetokea, kwamba yeye atapanda ndege arudi kwenye misonobari yake. Badala yake nilikaa nikiikunja na kuikunjua pembe ya ile nguo mpaka dereva akaniambia niache.

Mama alirudi kutoka Buguruni jioni, alasiri imeshapita. Nikamwekea bafta mapajani. Aliinusa, akaipitisha vidoleni, akafurahi waziwazi kama nilivyokuwa sijamwona siku nyingi. Nikamsimulia kisa cha mgeni na filimbi, na kwa vile ulimi wangu nao haujatulia kamwe, nikasimulia na mzee wa kandambili moja. Nilisema tu kwamba alidai nafasi.

Mama aliacha kuinusa nguo.

"Mzee wa kusini? Mwembamba? Wa mtaa wa nyuma?" Akanyanyuka. "Mkewe kafariki leo alfajiri. Nimeambiwa hapo kona sasa hivi." Akanitazama. "Alikuwa na nafasi kweli, au hakuwa nayo?"

Nikamwambia.

Hakunipiga, hakunitukana. Alijitanda kanga, akaichukua ile bafta akaiweka kwapani chini ya kanga, akatoka, nami nyuma yake. Tulikuta wamesharudi kutoka makaburini. Wanawake ndani walisema walipata mashuka mawili kwa majirani, moja lilikuwa na mstari wa buluu pembeni, wakalikunja ili usionekane. Mzee alikuwa barazani, kandambili zake zote mbili mguuni. Mama akampa pole. Nami nikampa pole. "Ahsanteni, wanangu," akasema, ingawa mama yangu alikuwa rika lake. Hakunitambua.

Mama alikaa na wanawake mpaka magharibi, nguo imo kwapani, hakuitoa. Nyumbani aliiweka sandukuni. "Hii si yangu," akasema. Haikukaa mwezi; alikufa mtu nyumba ya jirani, akaitoa, kama alivyotoa ya kwanza. Hakuniomba nimtafutie nyingine.

Yule mwalimu aliondoka halaiki ilipokwisha. Aliniachia karatasi, siku nzima imeandikwa saa kwa saa, kwa ajili ya siku nitakayokwenda mjini kwao. Sikuwahi kwenda. Saa kumi na mbili imeandikwa kufagia.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki, Kariakoo ilikuwa imejaa nguo, bafta imesimama majora kwa majora nje ya kila duka, vijana wanakuvuta mkono uje ununue kwao. Nilisimama peke yangu, hakuna aliyekuwa mbele yangu wala nyuma, na muuzaji akaniuliza nipimiwe ngapi. Nikamwambia sanda mbili. Baada ya arobaini nilikwenda mtaa wa nyuma na ile ya pili. Nyumba ilikuwa imevunjwa, panajengwa ghorofa, na fundi mmoja juu ya ngazi akaniuliza namtafuta nani. Sikujua jina la yule mzee. Nilikuwa sijawahi kumuuliza.