Saa Iliyohesabu Jua

Begi langu lilipimwa kwa muuza nyama wa Lodwar. Alilitundika kwenye ndoano ya mizani yake, akarudi nyuma kulitazama kama mteja, akaniambia mbuzi wangu amenona lakini hana miguu. Kilo kumi na mbili. Nilitoka pale nimefurahi kama aliyepata matokeo mazuri ya mtihani, maana hiyo ndiyo namba ambayo saa ya rafiki yangu haikuwahi kumuuliza.

Rafiki yangu ni Msomali wa Kakuma. Tulisoma pamoja chuo kikuu, na wazazi wake wana duka pale mjini. Alitaka kuwapeleka wasichana wa klabu ya shule moja ya Kakuma matembezi ya siku nzima, mabegi mgongoni, hadi vilimani ng'ambo ya mto Tarach. Mwalimu mlezi wa klabu alimpa sharti moja tu: aonyeshe chakula kitakachobebwa, na sababu ya kubeba kiasi hicho. Msichana mmoja akizimia kwa njaa huko, alisema, hakuna mzazi atakayeruhusu wa pili. Rafiki yangu alikuwa ameingoja ruhusa hiyo tangu muhula uliopita, na jibu pekee alilokuwa nalo lilikuwa saa ya mkononi inayohesabu kalori.

Mimi sikuiamini. Nilimpigia simu nikamuuliza saa inajuaje. Akasema inajua umri wake, urefu, uzito na mapigo ya moyo. Nikamuuliza kama inajua amebeba nini. Nikamuuliza kama inajua anakanyaga lami au mchanga.

"Abaayo," akasema, akiniita dada kwa Kisomali, "si uje uihoji mwenyewe."

Nikaenda na begi langu. Nilikuwa nimesoma jinsi watafiti wanavyokadiria nguvu anazotumia mtu aliyebeba mzigo: unachukua uzito wake na wa mzigo, mwendo, mwinuko, halafu ardhi yenyewe. Mchanga mlegevu, nilisoma, unaweza kukaribia kuifanya kazi iwe maradufu. Tarach ukiwa mkavu ni mchanga mtupu. Nilishindwa hata kukaa kitini nikieleza. Tulikubaliana yeye avae saa na begi kwenda na kurudi, mimi nibebe chupa za maji ya kurudia na maswali. Alisema maswali yangu ndiyo mazito.

Tulivuka mto jua halijachomoza, hewa bado ya baridi, mchanga ukimeza viatu. Begi lilikuwa limejaa maji, maana huku kila mtu hupakia hivyo: maji kwanza, mengine yatajipanga. Katika hesabu yangu maji hayo yangepungua polepole, kwa midomo miwili.

Kisha tukakutana na kina mama wanne waliotoka kutafuta kuni. Tukasalimiana, ejok, ejok, na mmoja akalitazama begi akasema, "Ngakipi." Maji. Hakukuwa na la kujadili. Kwetu humpiti mwenye kiu huku maji yakikuchezea mgongoni. Tukamimina. Mbele kidogo wachungaji wawili, tukamimina tena. Tulipofika chini ya kilima, begi lilikuwa limenywea kama shati kwenye kamba. Mimi, niliyelelewa Lodwar, nilikuwa nimepiga hesabu ya safari ya Turkana kana kwamba hatutakutana na mtu.

Nililalamika kwamba jaribio limeharibika. Rafiki yangu alicheka hadi akakaa chini. Akaniambia nikimbie nikawaombe wale kina mama wangoje kwanza utafiti umalizike.

Tulirudi adhuhuri kwa njia ileile, tukienda polepole, tukipumzika penye kivuli cha mgunga. Ukingoni mwa mto akaitazama saa, akasimama. Kurudi kulikuwa kumekula kalori nyingi kuliko kwenda. Begi tupu, njia inateremka, mwendo wa kobe, na bado nyingi zaidi!

Nilimshika mkono nikaisoma mwenyewe, mara mbili. Halafu nikaanza kurukaruka pale mchangani kama mtoto. "Inahesabu jua," nikamwambia. Kwenye joto moyo hupiga mbio ili kuupoza mwili, na saa hudhani hiyo yote ni kazi ya miguu. Alfajiri, tulipoburuta kilo kumi na mbili mchangani, saa ilitupunja. Tungepakia chakula kwa kuifuata, tungebeba kidogo pale pa kubeba kingi.

Yeye hakuruka. Alivua saa akaitia mfukoni. "Kwa hiyo sasa mwalimu nitampelekea nini?"

Tukaenda kukaa nyuma ya duka lao. Tulihesabu kana kwamba begi linabaki zito njia nzima na njia nzima ni mchanga, ili tukikosea, tukosee upande wa kushiba. Chapati, mayai ya kuchemsha, tende, karanga. Tukaongeza maji ya watu tutakaokutana nao. Maji yakaongeza uzito, uzito ukadai chakula zaidi, chakula kikaongeza uzito. Tulizunguka hivyo tukibishana kwa furaha hadi mama yake akatuuliza kama tunahamia Kainuk.

Mwalimu alisoma hesabu yetu amesimama. Alilivaa begi tulilolijaza kwa mfano, akatoka nalo hadi kwenye mchanga wa uwanja wa shule, akauzunguka, akarudi na jasho shingoni. Rafiki yangu alikuwa ameuma ncha ya hijabu yake.

"Maji yatapanda punda," mwalimu akasema. "Chakula watabeba wenyewe, chote hicho. Jumamosi."

Rafiki yangu aliwahi kunikanyaga mguu kabla sijauliza punda naye atahitaji kalori ngapi.