Kiti cha Mapokezi

Miaka kumi na tisa Mama Chai alipanda ngazi za ofisi ile, ghorofa nne, trei mkononi, mpaka magoti yakaanza kulia kama bawaba za mlango mbovu. Walinzi wa getini wakiyasikia walijua saa nne imefika, hawakuhitaji saa. Nani anakunywaje chai hakuandika popote. Mhasibu vijiko vitatu, mwanasheria kimoja na maziwa pembeni, bosi mkubwa hatumii sukari kabisa, ila mkewe akisafiri, vinne. Yote kichwani.

Dada wa mapokezi alipoacha kazi, kiti chake chenye magurudumu kilibaki kitupu pale chini, na Mama Chai akawa anakipitia mbali kidogo kama mtu anayeogopa kukitamani waziwazi. Kukaa tu! Ukae, usalimie watu, upokee simu. Magoti yangepumua.

Wiki hiyohiyo kampuni ikaleta mwalimu wa mawasiliano, bwana mwenye meno meupe hadi waliokaa mbele walifumba macho.

"Kazi haipatikani kwa vyeti tu," alisema. "Inapatikana kwa kujuana! Mwangalie mtu machoni, taja jina lako, sema unachokiweza, omba unachokitaka."

Siku tatu nzima Mama Chai alimimina chai polepole, asipitwe na neno.

Nyumbani akafanya mazoezi na chupa ya chai. Akaishika mkono, akaikazia macho, akajieleza mpaka chupa ikaona haya, mfuniko ukalegea wenyewe.

"Mama, utaichosha hiyo," binti yake akacheka huku akimpigia pasi blauzi. "Na usiinamishe kichwa."

"Nimwinamie nani? Wote pale nawajua mpaka matumbo yao. Kwa kujuana, mwanangu, nani ananishinda?"

Siku ya usaili aliingia bila aproni, bila trei. Nyuma ya meza walikaa bosi, mhasibu na mwanasheria. Akawaangalia machoni mmoja mmoja, akanyoosha mkono.

Mhasibu akapekua karatasi. "Samahani mama, umetokea wapi? Nani amekuelekeza kwetu?"

Akadhani ni utani. Akacheka, akacheka peke yake. Akataja jina lake, lile la kwenye kitambulisho, likapita mezani kama la mtu aliyekuja kuulizia njia. Akaeleza anavyomjua kila mtu ndani ya jengo lile. Wakatazamana.

"Huyu si... wa chai?" mwanasheria akanong'ona.

"Ahaa! Mama Chai!" Bosi akachangamka, akatazama saa. "Ndiyo maana leo imechelewa. Hebu tuletee kwanza, mama, halafu tutaongea."

Akaenda, akaleta. Hawakuongea.

Jumatatu kiti kikakaliwa na mpwa wa yule mwalimu wa meno meupe. Kumbe bwana hakudanganya hata neno moja.

Saa nne magoti yakalia ngazini kama kawaida. Mama Chai akasimama mbele ya bosi, kijiko ndani ya kopo la sukari, akamwangalia machoni kama alivyofundishwa.

"Vijiko vingapi?"

Bosi akainua kichwa. "Mama Chai! Leo unaniuliza mimi? Si unanijua?"

"Hapana, bosi. Vingapi?"

Akazunguka ghorofa zote nne akiuliza hivyohivyo, meza kwa meza.