Jiwe Lenye Macho

Katika maabara ya shule ninayofundisha, Miyuji, kuna chupa ambayo kwa muda mrefu sikuweza kuipa mgongo bila kuogopa. Imo kwenye kabati la vioo, kati ya chura aliyepauka na nyoka aliyejikunja, na ndani yake kuna samaki. Ukimwona mara ya kwanza utabisha. Wanafunzi wangu wote hubisha. "Madam, hili si jiwe?" huniuliza, na zamani nilikuwa nacheka, nawaambia walitazame vizuri mpaka nalo liwatazame.

Siku hizi sicheki. Samaki wa aina hiyo ndiye aliyemuua mdogo wangu wa kiume.

Mdogo wangu alizaliwa kijijini Haneti kama mimi, akasoma, akapata kazi ya ofisini hapa mjini na kupanga nyumba mtaa wa Kikuyu. Alioa binti wa pwani aliyekutana naye chuoni, wakapata mtoto wa kike. Mtoto alipotimiza miaka minne, walikwenda naye kuwasalimu wakwe. Maji yalipokupwa, wenyeji walimchukua mgeni wao kumwonyesha bahari, maana hakuwahi kuiona ila kwenye televisheni. Huko ndiko alikomkanyaga samaki. Ndugu wa mkewe walimtumbukiza mguu kwenye maji ya moto, wakamkimbiza kituo cha afya, lakini moyo wake ulishindwa njiani. Tulimzika Haneti, karibu na baba.

Baada ya mazishi nilimfungulia wifi yangu picha ya ile chupa kwenye simu. Aliitazama, akasema ndiye, akatoka nje. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nafundisha huku muuaji yuko kabatini.

Mama yetu hakutaka kusikia habari za samaki. Kwake samaki ni kitu cha kukaangwa, tena anauzwa gulioni akiwa amekauka, hana madhara. Mtoto wake alikuwa mzima, akaenda ukweni kwa watu asiowajua, akarudi maiti na mguu uliobabuka. "Walimpika mguu," alisema mbele ya waombolezaji. "Mtu mwenye nia njema anamtia mwenzake kwenye maji ya moto?" Tangu siku hiyo hakupokea hata kikombe cha maji kutoka mkononi mwa wifi yangu. Alisema mdogo wangu humjia alfajiri, anasimama mlangoni mwa nyumba, haingii, anauliza tu: nani? Nani aliyenifanya hivi?

Na mama alikuwa ameshapata jibu. Kikao cha ukoo kilipangwa Jumapili baada ya ibada, na uamuzi wake ulikuwa unajulikana kabla watu hawajakaa: wifi yangu arudi kwao, mtoto abaki kwa bibi yake. Baba zangu wadogo walikuwa upande wa mama. Wifi yangu alinipigia simu akilia, akisema wakimchukua yule mtoto atakuwa amefiwa mara mbili.

Mimi nina hasira za karibu. Nilikasirika, na nikikasirika nasoma. Nilimsoma samaki yule kama mtu anavyomsoma adui. Himaya ya wanyama, ngeli ya samaki wenye mifupa, mpaka hapo hakuna ugomvi. Ukifika kwenye familia, wataalamu wenyewe hawaelewani. Wengine wanampa familia yake peke yake, wengine wanamrudisha kwa samaki-nge, wale wenye miiba ya sumu, wakisema ni damu moja. Kwa Kilatini ni Synanceia verrucosa, na neno la pili maana yake ni mwenye chunjua tele. Hilo halina ubishi. Hana magamba. Ngozi yake ni nene, ina vinundu, na mwani huota juu yake kama kwenye ukuta wa tangi. Macho ni madogo na yako juu ya kichwa, mdomo umeelekea juu, na mapezi ya kifuani ni mapana. Kwa mapezi hayo anachimba mchanga na kujifukia mpaka kibaki kipande cha uso. Makazi yake ni miamba ya matumbawe, vifusi vya matumbawe yaliyovunjika, na vidimbwi vinavyobaki maji yakienda zake. Haogelei ovyo. Anakaa. Samaki mdogo akipita mbele yake, anafungua mdomo, basi.

Mgongoni ana miiba kumi na mitatu. Kila mwiba umevaa ngozi kama kisu kilichomo alani, na una vifuko viwili vya sumu, huku na huku. Ukikandamiza, ngozi inashuka, vifuko vinabanwa, sumu inapanda kwenye vifereji vya mwiba na kuingia mwilini mwako. Yeye hafanyi chochote. Uzito wako ndio unaofanya kazi yote.

Jambo hilo lilinikosesha raha. Kila nilipofunga kabati nilihisi mtu amesimama nyuma yangu, karibu, na harufu ya sabuni aliyopenda mdogo wangu. Nikigeuka, madawati matupu. Niliogopa. Mwalimu wa baiolojia, mtu mzima, naogopa chupa. Nilianza kufundisha nikiwa nimeegemea kabati lenyewe, ili pasiwe na nafasi ya mtu kusimama.

Jumamosi, siku moja kabla ya kikao, niliifunga chupa kwa kanga, nikaitia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikapanda basi la asubuhi kwenda Haneti. Abiria wa pembeni aliniuliza kama nimebeba asali. Nikamwambia ndiyo, ili asinisumbue.

Mama alikuwa uani akipepeta uwele. Tuliongea Kigogo; maneno yetu ninayaandika kwa Kiswahili kama ninavyoyasikia bado.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea nini kwenye ndoo?"

Niliiweka chupa kwenye kigoda mbele yake. Aliacha ungo, akainama, akaitazama pande zote.

"Jiwe," alisema.

"Samaki, mama. Tazama hapa. Hili ni jicho."

Alirudi nyuma. Nadhani kwa muda wote wa msiba ule hakuwahi kuamini kwamba kitu hicho kipo duniani. Nilimwonyesha miiba kupitia kioo, nikamweleza vifuko, nikamweleza kwamba joto hupunguza nguvu ya sumu hiyo, na ndiyo maana watu wa pwani hukimbilia maji ya moto kabla ya gari kupatikana. Hawakumpika mguu. Walikuwa wanampigania.

Akaanza kuniuliza, polepole, kama mtu anayehoji shahidi.

"Anapokaa pale, anamngoja mtu?"

"Anangoja samaki wadogo. Hana habari na mtu."

"Hakumjua mwanangu."

"Hakumjua."

"Na hakuna aliyemtuma."

"Hakuna, mama. Hatumwi. Anaishi tu."

Alishusha pumzi, na nikaona mabega yake yanalegea. Nilifurahi, nakiri, nilishamwona mtoto wa wifi yangu akirudi Kikuyu na mama yake. Kisha mama akauliza, "Sasa wale wenyeji, mbona hawakumkanyaga? Si walikuwa wote?"

Nilijibu upesi, maana jibu nilikuwa nalo kutoka kwa wifi yangu. "Wao walipita kwenye mchanga, wanaburuza miguu. Ndivyo wanavyofundishwa, ukiburuza mguu utamgusa ubavuni kabla ya kumkanyaga. Walimwita apite nyuma yao. Yeye akacheka, akasema kwao mchanga ndio unaoua. Akawa anaruka jiwe kwa jiwe."

Nilisikia maneno yangu yakiwa yameshatoka.

Ukizaliwa kwetu, kitu cha kwanza unachofundishwa kuhusu maji ni kutouamini mchanga. Makorongo yetu ni makavu karibu mwaka mzima, halafu mvua moja inakuja, na ule mchanga unaoonekana umetulia chini ya maji unameza mguu mpaka gotini, pengine zaidi. Ng'ombe wamepotea humo. Kwa hiyo unatafuta jiwe, unalijaribu kwa jicho, unaruka. Mimi nilijifunza haraka. Mdogo wangu alipenda mchanga, alipenda kuusikia kati ya vidole, na mama alimchapa kwa ajili hiyo, masika baada ya masika, mpaka miguu yake ikakariri.

Mama aliichukua kanga, akaifunika chupa yeye mwenyewe, taratibu, kama anayemfunika mgonjwa.

"Nilimchapa sana," alisema.

"Mama, ulikuwa unamwokoa."

"Nilimchapa sana." Akavuta ungo, akaendelea kupepeta uwele ambao ulikuwa umeshakuwa safi.

Jumapili kwenye kikao alisimama kabla ya wanaume. Alisema mtoto ataishi na mama yake, na kwamba asisikie tena mtu akilitaja jina la mkwewe kwa ubaya. Baba mdogo alimuuliza ni nani basi aliyemuua kijana wao. Mama alimtazama, akakaa chini. Wifi yangu alimletea maji, naye akayapokea kwa mikono miwili. Nilipaswa kushangilia. Nilichoona ni kwamba mama alikuwa na mtu wa kumlaumu, mtu wa mbali, na mimi nilikuwa nimemnyang'anya.

Nilimuuliza baadaye kama mdogo wangu bado humjia alfajiri. Alisema anakuja. Haulizi tena kitu.

Masika yaliyofuata tulikwenda Haneti wote, wifi yangu na mtoto wake na mimi, kumsaidia mama palizi. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Tulipofika kwenye korongo la kwenda shambani, maji yalikuwa yanapita, mekundu, si mengi, na mawe yametokeza vichwa. Mtoto alikuwa ametangulia na bibi yake, wameshikana mikono. Alifika ukingoni, akavua kandambili, akainua uso.

"Bibi, nikanyage wapi?"

Nilimwona mama akitazama mawe, kisha mchanga, kisha mawe tena. Akachuchumaa, akampa mtoto mgongo, akamfunga kwa kanga ingawa alikuwa mkubwa mno kubebwa, akainuka naye kwa shida. Halafu akasimama pale pale ukingoni, mguu mmoja umeinuliwa, hajui auweke wapi.