Nasimiyu na Pembe ya Baruti

Alhamisi ile, Novemba ya mwaka 2016, Mzee Bawazir alimpigia simu Nasimiyu aliyekuwa bado anafunga kamba za viatu vya kazi.

"Umekula?" akauliza mzee.

"Bado."

"Hata mimi. Chakula hakipiti, mwanangu. Yule Mwomani kafika jana kwa ajili ya maonyesho. Kaja na makasha mawili na hakuna aliyeona kilichomo ndani. Hakuna! Nimemuuliza mtumishi wake, nimemuuliza dereva, wote hawajui."

"Mzee, kesho si mbali. Tutaona."

"Kesho ni mbali sana," akajibu mzee, na simu ikakatika. Alikuwa ameshapiga jioni ya jana kuuliza kama pembe zimefutwa, na alfajiri kuuliza kama kweli amepewa ruhusa kazini.

Ruhusa ndiyo iliyokuwa ikimkosesha raha Nasimiyu. Alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli kubwa ya Doha, na maonyesho ya silaha za kale yangefunguliwa Ijumaa alasiri katika ukumbi mmoja upande wa West Bay. Msimamizi wake alikubali kumpa siku hiyo, lakini hoteli ilipojaa wageni akaanza kusema, "Tutaona." Kila simu ya ghorofani ilipolia, Nasimiyu alidhani anaitwa kuambiwa asahau.

Watu waliomfahamu walishangaa mwanamke kama yeye ametoa wapi mapenzi ya vitu vya vita. Alizaliwa Bungoma katika nyumba ya mhunzi. Baba yake alifua majembe mwaka mzima, na msimu wa tohara ulipokaribia alifua chinyimba, zile kengele za chuma ambazo vijana wa Kibukusu huzipiga wakizunguka kuwaalika jamaa zao. Wazee walinung'unika kwamba mtoto wa kike hakai karibu na tanuri, lakini baba alimwacha akae. Nasimiyu alijua rangi ya chuma kilichoiva kabla hajajua kusoma.

Alifika Doha mwaka 2008. Siku zake za mapumziko za mwanzo alizimaliza kitandani, miguu ikiuma. Kisha Ijumaa moja akaandamana na wenzake hadi Souq Waqif. Wenzake wakaenda kula, yeye akabaki mbele ya duka lenye panga na majambia ukutani. Akausogelea upanga mmoja, akautazama mgongo wake, akajisemea, "Huu ulivunjika ukaungwa."

Mzee aliyekuwa ameketi ndani karibu aanguke kitini. "We mwana! Umetoka wapi na Kiswahili hicho?"

Huyo ndiye Mzee Bawazir, Mwarabu wa ukoo wa Hadhramaut, Yemen, aliyezaliwa na kukulia Mombasa kabla ya kuhamia Ghuba. Alikuwa na njaa ya kuzungumza Kiswahili kuliko ya kuuza. Tangu siku hiyo, Nasimiyu akawa na kiti chake dukani.

Kwa kuwa nyumba ya kampuni walimolala wafanyakazi, huko Abu Hamour, ilikataza visu vya aina yoyote vyumbani, hakuweza kukusanya majambia. Akaanza na pembe za baruti. Ni pembe ndogo zilizopinda, nyingine zimevishwa fedha, ambazo zamani watu wenye bunduki za kushindilia walizivaa kiunoni. Humo ndimo walimoweka baruti ya kujazia mtutu. Hazikuwa na makali wala risasi. Zilionekana kuwa kitu kisicho na madhara kabisa. Alizifunga moja moja kwa leso na kuzilaza ndani ya sanduku chini ya kitanda.

"Wenzako wananunua dhahabu, we unanunua pembe za ng'ombe," Charity, Mkenya mwenzake aliyeishi naye chumba kimoja, alikuwa akimwambia. Charity alifanya kazi ya udobi katika hoteli hiyohiyo.

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, mzee alimpa Nasimiyu sehemu ya meza yake kwenye maonyesho ili naye aweke vitu vyake. Watu wangetoka Kuwait, Muscat, hata Uingereza. Kwa wiki nzima alizipanga pembe zake juu ya kitanda, akazipangua, akazipanga tena. Akiwaza watacheka, moyo unamdunda. Akiwaza watapita bila kusimama, unamdunda zaidi.

Alhamisi hiyo alirudi nyumbani alasiri. Msimamizi alikuwa amepita korido bila kusema neno, naye akaharakisha kuondoka kabla hajaitwa. Chumbani alimkuta Charity akipiga pasi sare zake. Nasimiyu akatandika taulo mezani, akazitoa pembe na kuanza kuzifuta.

Iliyo nzuri kuliko zote ilikuwa nyeusi, ina pete ya shaba, na nzito kidogo kuliko nyingine. Aliinunua kwa mzee mwezi uliopita. Kizibo chake cha mti kilikuwa kimegandishwa kwa nta ya zamani, naye alitaka kukifungua ili watu waone mdomo ulivyochongwa.

"Charity, ukimaliza niazime hiyo pasi. Nataka kuyeyusha nta hapa."

"Ngoja nimalize kola."

Akangoja kidogo. Lakini mikono ilikuwa na haraka. Akaishika pembe magotini, akakizungusha kizibo, akakizungusha tena. Kikatoka ghafla. Chembe nyeusi zikamwagika juu ya taulo.

Alidhani ni vumbi la makaa. Akachukua kidogo kwa ncha ya kidole na kunusa. Harufu ya kiberiti, ya yai viza, ikampanda puani.

"Charity, zima pasi."

"Nimekwambia bado kola."

"Zima!"

Charity akageuka. Akaiona sura ya mwenzake, akazima, akarudi nyuma hadi ukutani. "Hiyo ni nini umemwaga kwa meza?"

"Baruti."

"Baruti ya ukweli?"

Nasimiyu alikuwa akiitazama pasi, bado ya moto, na umbali kati yake na meza ulikuwa mdogo kiasi kwamba mtu angefikia kwa kunyoosha mkono. Kama Charity angemaliza kola mapema, yeye mwenyewe angeibandika pasi juu ya ile nta.

Waliitoa pasi hadi koridoni. Hapo ndipo Nasimiyu alipompigia mzee, akimweleza kwa sauti ya chini ili vyumba vya jirani visisikie.

Mzee akasema polepole, "Ina maana imekaa dukani kwangu miaka yote hii, na mimi nafukiza ubani chini yake kila asubuhi?"

"Nifanye nini?"

"Maji. Ijaze maji, iloweke. Na hiyo iliyomwagika iloweke papo hapo ilipo. Usikwangue kwa chuma."

Nasimiyu alijua maji yangeiharibu pembe; kitu cha kale kikilowa hivyo hupasuka kinapokauka. Lakini aliijaza hadi mdomoni, akalilowesha lile taulo hapohapo mezani, akavitia vyote ndani ya ndoo, akaibeba hadi kwenye roshani.

Mzee akapiga tena. "Sikiliza. Hayo maji yamwage chooni, uisafishe, uikaushe, kesho uilete. Hatukuona kitu. Polisi wanakagua kila kinachoingia ukumbini, na wakisikia neno baruti, mimi na wewe hatuna maonyesho."

Charity, aliyekuwa amesimama karibu, alisikia. "Mzee amesema ukweli. Ukiwaambia polisi, utapelekwa airport na hiyo uniform umevaa. Na mimi pia, kwa sababu nalala hapa."

Nasimiyu alikagua pembe zake nyingine, akakuta zote wazi na tupu, lakini hilo halikumtuliza. Alikuwa akiiona rafu ya duka la mzee, pembe zimening'inia kwa kamba, vizibo vyao vimegandiana kama kile alichokifungua. Na rafu za watu wote watakaokuja kesho.

Ijumaa alimkuta mzee kwenye maegesho ya nyuma ya ukumbi, amevaa kanzu mpya, amejipaka udi hadi kwenye ndevu. Makasha yake yalikuwa yameshashushwa.

"Umeiosha?" mzee akanong'ona.

"Iko ndani ya ndoo. Ndoo hii hapa." Alikuwa ameifunga mdomo kwa mfuko, akaja nayo kwenye teksi ameikumbatia, sanduku la pembe likiwa miguuni. "Mzee, nitawaambia."

"Utanifungia meza! Mwaka mzima nangoja siku hii, Nasimiyu!"

"Dukani kwako kuna ngapi ambazo hazijafunguka?"

Mzee akaketi juu ya kasha lake.

"Na leo umeleta ngapi?" akauliza Nasimiyu.

Watu walipita wakibeba mizigo yao, wakisalimiana, wakichungulia kwenye makasha ya wengine. Mzee aliwatazama kwa muda, kisha akainuka, akajikung'uta kanzu. "Twende. Kiarabu chako kitakuponza. Nitasema mimi."

Afisa aliyekuwa mlangoni alikuwa kijana, mpole wa sauti. Mzee alipofika kwenye neno baruti, upole ukabaki ila tabasamu likaondoka. Akaita kwenye redio. Pembe zote za Nasimiyu na zote za mzee zikachukuliwa pamoja na ndoo, nao wakapelekwa kwenye chumba kidogo pembeni mwa ukumbi. Afisa akachukua kitambulisho cha Nasimiyu, akauliza anafanya kazi wapi, akatoka nacho.

"Anaipigia hoteli," Nasimiyu akasema.

"Lazima apige."

Maonyesho yakafunguliwa nao wamo humo. Walisikia viatu vingi, salamu, vicheko vya watu wanaokutana mara moja kwa mwaka. Mara sauti zote zikapungua kwa pamoja, kisha zikapanda kwa mshangao.

"Mwomani kafungua kasha," mzee akasema, akifunika uso kwa viganja.

Nasimiyu hakuwaza Mwomani. Aliwaza msimamizi wake akipokea simu ya polisi, na ile "tutaona" yake. Aliwaza mama yake Bungoma akimwona ameingia uani bila taarifa na sanduku moja. Kila kitasa kilipogeuka alisimama, na kila mara alikuwa mtu aliyekosea mlango.

Mwishowe akaja mtu mzima asiye na sare, mtaalamu wa milipuko. Alikuwa amezifungua pembe zote, moja baada ya nyingine. Za Nasimiyu zilizobaki zilikuwa salama. Miongoni mwa za mzee, moja ilikuwa na baruti, kavu kabisa.

Mzee alimtafsiria Nasimiyu. Pembe hiyo aliifunga mwenyewe asubuhi, na akaisafirisha kwenye gari huku akivuta sigara.

Mtaalamu akaendelea kusema, mzee akisikiliza na kutikisa kichwa. "Anasema hizo mbili hazirudi," akamwambia Nasimiyu. "Kesho watakuja kukagua duka langu, na mimi nimemwomba waje. Kuhusu wewe, amewaambia hotelini kwamba ulifanya linalostahili. Ila kampuni haitaki kuona pembe tena katika nyumba yake."

"Basi?"

"Basi. Chukua kitambulisho chako."

Nasimiyu alikipokea kwa mikono miwili.

Walipoingia ukumbini watu wengi walikuwa wameanza kuondoka. Meza ya mzee ilikuwa bado tupu. Wakapanga pembe walizorudishiwa, vizibo vikiwa pembeni. Nasimiyu alitegemea waione meza na kuipita, lakini habari ilikuwa imewatangulia. Mkuwaiti mmoja alikuja akiuliza kama nta ya pembe ile ilikuwa ya njano au nyeusi. Mwingereza mwenye upara alisikiliza kidogo, akasogea kando na kumpigia mkewe huko kwao, akimsihi asiguse kitu chochote kwenye kabati la sebuleni wala asiwashe moto mpaka arudi. Hakuna aliyecheka. Nyuso zao zilikuwa na hofu ileile aliyolala nayo yeye.

Mwomani naye akaja, mzee mfupi mwenye kilemba. Hakuuliza habari ya baruti. Aliinua pembe moja ya Nasimiyu, yenye ufa ambao mwenyewe alikuwa ameuelekeza upande wa ukutani, akaugeuza ufa mbele, akaufuata kwa kidole. Akasema neno, Mzee Bawazir akatafsiri.

"Anasema aliyeziba ufa huu alikuwa fundi. Anataka kujua ni nani."

"Ni mimi," alisema Nasimiyu.

Mwomani akamtazama, akaguna, akampa ishara amfuate kwenye meza yake. Huko akamwekea mkononi pembe iliyovishwa fedha nyembamba kama jani, akamwacha aishike muda wote alioutaka. Nyuma yao wahudumu walikuwa wakikunja vitambaa vya meza.

Ijumaa iliyofuata, Charity ndiye aliyemsaidia kubeba sanduku hadi duka la mzee, ambako pembe zingekaa kuanzia siku hiyo. Hakuwa amesema mengi wiki nzima. Alikuwa amehamishia ubao wake wa pasi koridoni na hakuurudisha. Kwenye teksi, dereva aliuliza sanduku lina nini linagongana hivyo.

Charity ndiye aliyejibu.

"Pembe zake," alisema. "Ziko tupu. Tumeangalia."