Mdudu Apate Hewa

Nina duka dogo Nyamigogo, na duka hilo limenifanya msomaji wa maandishi ambayo watu wengi hawayatupii hata jicho. Mchana wateja wakipungua nasoma maboksi, nasoma makopo, nasoma vile vikaratasi vilivyokunjwa mpaka vimekuwa vidogo kama kidole. Nimewahi kuuza tochi iliyoandikwa "Usitumie gizani." Nimeuza gambuti zenye onyo kwamba mvaaji asikanyage chini. Kulikuwa na mwavuli ulioagiza uwekwe mbali na maji, na mafuta ya nywele yaliyosema kwamba mtu akiwashwa aondoe kichwa mara moja na kukiosha kwa maji mengi. Zamani nilikuwa nawasomea wateja, tunacheka mpaka mtu anasahau kilichomleta. Jirani yangu, mama wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, alikuwa anapita makusudi kuniuliza, "Leo wameandika nini?"

Siku hizi akiniuliza namsomea, acheke peke yake. Mimi sina hamu ya kucheka tena, kwa sababu nimeona mzaha huo unavyoweza kuingia nyumbani kwa mtu na kumwachia hasara isiyolipika.

Mama yangu yuko Kirushya, upande wa Ngara, nilikozaliwa. Anaishi na kaka yangu, mke wa kaka na wajukuu. Kila mwaka mvua za vuli zikikaribia nafunga duka na kwenda kumsaidia kupanda maharage. Si kwamba nyumba ile imekosa mikono. Naenda kwa sababu mbegu ya mama ni mbegu yangu pia.

Kwetu msichana akiolewa, mama yake humfungia mbegu ya maharage kwenye kitambaa, na kitambaa hicho hakiwekwi pamoja na vyombo wala mikeka. Anakibeba mwenyewe. Mama alikuja na chake kutoka Murusagamba, kwa mama yake, na ndani yake kulikuwa na mchanganyiko: mekundu yenye madoa, ya njano, meupe makubwa, ya kijivu, na kengine kadogo keusi kenye jicho jeupe. Yalipandwa pamoja, yakavunwa pamoja, na hakuna mvua iliyowahi kuyaua yote, kwa sababu moja likishindwa jingine linasimama. Kale keusi kalikuwa ka kwanza kukomaa. Ndiko kalikotulisha miezi ile ambayo ghala limekwisha na migomba haijawa na ndizi za kukata, na ndiyo maana mama alikapenda kuliko mengine yote, akawa anakahesabu kama mtoto wake wa mwisho. Majirani wameacha mchanganyiko siku nyingi. Wanapanda ya njano tu, yanayotakiwa na wanunuzi wanaokuja na malori. Waliobaki na mbegu ile ni mama pale Kirushya na mimi huku Nyamigogo.

Mwaka huo ninaousimulia nilifika mchana, jua linawaka. Kitu cha kwanza nilichoona ni wajukuu wote wamepangwa barazani, migongo ukutani, wananiangalia kwa huzuni. Watoto wale si wa kukaa. Nikawauliza kama kuna mgonjwa. Mkubwa wao akasema, "Bibi amekataza tusitoke kwenye jua. Na mvua ikinyesha tusitoke pia."

Nikaingia ndani. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefika salama?"

"Salama. Watoto wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu. Kalatasi ndiyo imesema."

Wifi yangu, yaani mke wa kaka, ndiye aliyenieleza. Baada ya mavuno ya masika kaka alikuwa amenunua mfuko mpya wa kuhifadhia maharage, ile mifuko mikubwa yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Mfuko ulikuwa na maelezo ya Kiswahili. Wifi amemaliza darasa la saba na anasoma vizuri, kwa hiyo alimsomea mama neno kwa neno na kumweleza kwa Kihangaza. Mojawapo ya maneno hayo lilikuwa: "Hifadhi watoto mahali pakavu pasipo na jua."

Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Wifi naye alicheka, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alijaribu kumsihi mama mkwe asiwafungie watoto, akashindwa. Mama hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayengoja wenzake wamalize utoto wao.

Inabidi niseme hapa kwa nini mama hakucheka, maana mtu wa mbali anaweza kudhani ni ujinga, na akidhani hivyo nitagombana naye. Nyumbani tunaongea Kihangaza. Sokoni mtu anaongea anachojua, Kihangaza, Kirundi, Kisubi. Kiswahili kwa mama kilikuwa shule, ofisi ya kata na zahanati. Tangazo likibandikwa kwa Kiswahili kwamba mbuzi wafungwe, mbuzi walifungwa, na asiyefunga aliitwa ofisini. Kaka alipokuwa mchanga, anaungua homa, mama alipewa dawa na karatasi ya Kiswahili, akasomewa palepale zahanati. Hakuelewa kwa nini ampe nusu badala ya nzima, wala kwa nini aendelee kumpa hata mtoto alipoanza kucheka. Aliifuata vile vile, na kaka akapona. Tangu siku hiyo neno lililopigwa chapa kwa Kiswahili mama habishani nalo. Kiswahili kilikuwa hakijamdanganya hata mara moja.

Jioni ile akasema tuangalie mbegu. Kaka alikuwa hajarudi, kwa hiyo mimi na wifi tukauburuta ule mfuko mpaka karibu na mlango penye mwanga. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Wifi alipofungua, vumbi lilipanda kama la mashine ya kusaga, na nikasikia sauti, ile sauti ndogo ya kutafuna ambayo mkulima anaijua hata usingizini. Nikatia mkono. Nilitoa unga, maganda matupu na wadudu waliokuwa wananipanda mpaka kwenye kiwiko. Kila punje ilikuwa imebunguliwa. Nilizamisha mkono mpaka begani, nikachota kutoka chini kabisa, nako ni yale yale.

"Yote mliweka humu?" niliuliza.

"Yote," alisema wifi. "Mfuko ni mkubwa. Na mbegu yangu nayo imo."

Mama alikuwa amekaa na ungo wake mapajani, anangoja tumwagie. Hakuna aliyemmwagia.

Siku zote mama alihifadhi mbegu kwa majivu. Alichoma maganda ya maharage, akachekecha majivu, akachanganya na mbegu, akaweka ndani ya kapu lililosiribwa kinyesi cha ng'ombe na kulining'iniza juu ya jiko lipate moshi. Sikuwahi kuona mdudu kwenye kapu lile. Nikamwuliza aliwezaje kuona wadudu wanaongezeka na asirudi kwenye kapu, maana macho yake ni mazima.

"Niliwaona," alisema. "Lakini kalatasi imesema tufungue."

Nikaukunjua mfuko, nikausoma mwenyewe. Kulikuwa na la watoto kama wifi alivyosema. Kulikuwa na "Usivae mfuko huu wakati wa kuogelea." Kirushya, mlimani, nani anaogelea? Halafu, kwa herufi kubwa, kulikuwa na hili: "FUNGUA MFUKO MARA KWA MARA ILI MDUDU APATE HEWA."

Nikalisoma tena. Kisha nikageuza upande wa pili, ambako maelezo yalikuwa kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, si kikubwa, lakini kilitosha. Kule walikuwa wameandika kwamba mfuko ufungwe kabisa, usifunguliwe, ili mdudu akose hewa na kufa. Kule watoto walitakiwa kuwekwa mbali na mfuko, na mfuko ndio uwekwe pakavu. Kila kitu kilikuwa sawasawa kwa Kiingereza, kwa ajili ya msomaji ambaye hana hata tuta moja la maharage.

Damu ilinichemka. Sijui niseme vipi nieleweke. Mtu ametengeneza mfuko mzuri, nailoni nzuri, mshono mzuri, akaupima, akaujaribu, nina hakika alifungia wadudu ndani na kuwatazama wakifa. Halafu ilipofika zamu ya kumweleza mwenye maharage, akaona haina haja ya kumwonyesha mtu mmoja, mtu yeyote anayejua Kiswahili, amwambie: hebu soma hapa. Wasemaji wa Kiswahili tumejaa kila mahali. Hata mtoto wa darasa la tatu angeshtuka. Hawakuuliza kwa sababu hawakutegemea kwamba kuna mtu atasoma na kutii.

"Na wewe ulimsomea hivyo hivyo?" nilimwuliza wifi.

"Ningemsomea vipi?" alijibu, na machozi yakamlenga. "Nilimwambia mama, hapa pamenishangaza. Mama akasema labda mdudu akifunguliwa mlango anatoka, anakwenda zake."

"Selikali ina sababu zake," alisema mama. Alikuwa anaamini kabisa kwamba mfuko ni wa serikali, kwa sababu uliongea Kiswahili. Akamfungulia mdudu mlango kila siku ya soko, kwa uaminifu ule ule aliompa nao kaka nusu ya kidonge.

Kesho yake nilibeba mfuko ule mtupu na kushuka nao Ngara mjini, kwenye duka lililouuza. Mwenye duka alikuwa kijana nadhifu, hana ubaya. Nikautandaza juu ya meza yake na kumwonyesha kwa kidole yale maandishi. Akasoma, akacheka, kama nilivyokuwa nacheka mimi dukani kwangu.

"Dada, hawa watu bwana!" alisema. "Lakini hayo maandishi nani anayasoma?"

"Mama yangu anayasoma."

"Anajua kusoma?"

"Hajui. Anasomewa. Ndiyo maana hasahau."

Akaacha kucheka, nampa haki yake. Akaniambia yeye anauza tu, mizigo inakuja imefungwa, namba iliyo chini ya mfuko aliwahi kuipiga kwa jambo jingine na haikupokelewa. Akaniahidi atawaeleza wateja kwa mdomo. Nikamwambia afute yale maandishi kwa wino mweusi kwenye kila mfuko uliobaki, nami sitoki. Nilikaa kwenye kreti ya soda nikimwangalia anafuta. Wateja waliingia wakauliza kulikoni, na kila aliyeuliza nilimweleza kwa sauti ya kusikika nje.

Kutoka pale sikurudi Kirushya. Nilipitiliza mpaka Nyamigogo kuchukua mbegu yangu, ile niliyoifungia kwa majivu kama mama alivyonifundisha. Kwa desturi yetu aliyekupa mbegu akiishiwa, unamrudishia, na huulizi kitu. Niliitoa kwenye majivu, nikaifunga kwenye kitambaa, nikasafiri nayo mapajani. Njia nzima nilikuwa na hasira, lakini hasira yenye nafuu. Nilijiambia wamejaribu kutumaliza na wameshindwa, mbegu inarudi nyumbani.

Nilimkuta mama na wifi kwenye mlango wa jiko, mawingu yameshafunga. Nikafungua kitambaa juu ya ungo. Mama aliyatawanya kwa kiganja, taratibu, anayaita kwa rangi zake. Mekundu yapo. Ya njano yapo. Meupe, ya kijivu, yapo. Akayatawanya tena. Akayasogeza yote upande mmoja wa ungo, akayarudisha upande wa pili machache machache.

"Kale keusi kako wapi?"

Nilikuwa najua, ila nilikuwa sijajiambia. Kale keusi hakakupatana na udongo wa Nyamigogo. Kila mavuno kalipungua, mpaka msimu mmoja sikukaona tena, na wala sikusikitika sana, kwa sababu nilijua kako kwa mama. Kila mtu anajua chake kiko kwa mama.

"Kule kwetu kalikataa," nilisema. "Nilijua kako hapa."

Tukataja watu. Bibi wa Murusagamba hayupo, na shamba lake mjomba amepanda mihogo. Majirani ni ya njano tu. Wifi akasema labda sokoni, lakini hakumaliza, maana sote watatu tumekwenda sokoni miaka yote na hatujawahi kukaona kanauzwa. Nikaanza kufoka upya. Niliwafokea wenye mfuko, waliotafsiri, waliopiga chapa, waliobeba. Nikaapa kwamba siku nikimjua mmoja wao nitamletea ungo ule akatafute kale keusi yeye mwenyewe. Mama aliniacha niseme. Alikuwa bado anapitisha kidole katikati ya punje.

Mvua ikaanza, matone makubwa, ile ya kwanza yenye harufu ya vumbi. Wajukuu hawakukimbia uani kama watoto wengine. Walikuwa barazani vile vile, migongo ukutani, wakavu kabisa, kwa sababu katika hekaheka ile hakuna aliyekumbuka kuwaondolea katazo.

Mama aliwatazama, kisha akaurudisha uso kwenye ungo.

"Haya," alisema. "Watoto tumewahifadhi."

Wifi alicheka. Mimi sikuweza, na tangu siku hiyo mteja akiniletea boksi dukani nimsomee tucheke, namsomea, lakini sicheki.