Reale Iliyofutika Uso

Msinicheke kabla sijamaliza. Nikimaliza chekeni mpaka mbavu ziwaume, maana Mkunya nzima imeshacheka na mimi nimebaki na hasira zangu hizi hizi, na sijui zitapoa lini. Mtu mzima mimi, mwana wa Kiyao, muuza nguo ninayejulikana Masasi hii, nimetambaa kwa magoti mbele za watu nikipekua chini ya jamvi la mama mkwe!

Nilikuwa nimemposa Somoe, binti wa Mkunya, kule juu Newala, na nilimtaka kwelikweli, usingizi sina, chakula sili. Kwao, kama kwetu, mwenye neno ni mjomba, na mjomba wake ni Mzee Nangumbi, mnunuzi wa nta, mtu wa maneno machache. Akamwambia mshenga wangu, Baba Zena, hivi: "Mahari leteni nguo, sina neno. Ila kilemba changu cha ujomba nataka reale ya zamani, ya Sultani. Fedha yenye kichwa cha yule mwenye kofia ya ndege isikanyage kwangu." Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Baada ya vita vya Majimaji, Wajerumani walimnyonga mdogo wake, na kila mtu kule juu anajua.

Haya, reale ya Sultani nitaitoa wapi? Zilizokuwapo watu wamezificha au wamewapa masonara wakaziyeyusha kuwa bangili. Nikahangaika wee, mpaka akatokea Athumani, mchuuzi wa chumvi na shanga (Mungu amlipe anachostahili), akafungua pindo la shuka yake akatoa fedha moja pana, nyeupe, iliyolika mpaka imekuwa laini pande zote mbili. Maandishi hamna, picha hamna.

Baba Zena akaigeuza, akaguna. "Kitu kisicho na uso, utamwambiaje mtu ni cha nani?"

"Na mbona nyepesi?" mimi nikauliza, maana reale ya marehemu baba nilikuwa naikumbuka mkononi, nzito.

Athumani akacheka kana kwamba mimi mtoto. "Bwana wee, imepita mikono ya mababu na mababu, wameila, wewe unataka uzito? Mpya ndiyo ina uso. Ya zamani huijua kwa kuchakaa. Kama huitaki, kuna mtu Lukuledi ananingoja."

Hilo la mtu wa Lukuledi ndilo lililonimaliza. Nikaigonga jiweni, ikalia vizuri, fedha safi, basi nikajiona mjuzi. Baba Zena ananivuta kanzu, "Tuondoke, hii haifai hata bure," mimi nimeziba masikio. Nikatoa jora zima la kaniki na mbuzi wa mama yangu (mama hakuambiwa), nikaondoka na fedha yangu nikiimba.

Siku ya kupeleka kilemba tumeketi uani kwa Mzee Nangumbi, wanaume huku, wanawake kule, mama yake Somoe amejifunika shuka kichwani na kunipa mgongo, maana mnajua wenyewe, mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawakaribiani, hata kivuli chake usikikanyage. Baba Zena akatoa sahani, kitambaa cheupe, fedha katikati. Mzee akaishika. Akaisugua kwa kidole gumba.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya Sultani, mjomba," nikadakia mimi, ambaye sikupaswa hata kufungua mdomo, msemaji ni mshenga. "Isikilize inavyolia!" Nikaichukua mkononi mwake (nani alinituma?), nikaibamiza kwenye jiwe la kusagia.

Ikalia kweli. Halafu ikaruka, ikasimama wima, ikaanza kubingirika, inakata ua taratibu, watu wote wanaitazama, ikaenda ikaingia chini ya jamvi la mama mkwe. Na mimi, badala ya kutulia niokotewe, nikaifuata. Kwa magoti! Jora la kaniki na mbuzi wa mama vinakimbia, mimi nitakaa? Nikainua pembe ya jamvi na yeye yuko juu yake. Yule mama akapiga yowe, akainuka, shuka ikamwanguka, tukatazamana uso kwa uso, naye akakimbilia ndani akiniachia kiatu kimoja cha mti. Wanawake nao yowe. Baba Zena amejifunika uso kwa kofia yake.

Mzee Nangumbi akainama mwenyewe, akaiokota. Akachukua donge la nta, akalipasha moto jikoni mpaka likalegea, akaikandamiza fedha ile ndani yake, akaibandua polepole. Jamani! Jicho lisichokiona, nta ilikiona. Kwa kufifia, lakini kilikuwapo: kidevu, sharubu, na juu ya kofia, ndege ametanua mbawa. Ilikuwa ile rupia kubwa ya Wajerumani, ya thamani ya rupia mbili, ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona.

Bibi yake Somoe akachungulia lile donge. "Wajukuu zangu, ntu huyu katuletea Njerumani ndani!"

Hapo ningenyamaza ningekufa? Nikasimama na vumbi langu magotini, nikasema kwa sauti, "Kwani kuna nini? Fedha si ni fedha tu!"

Mzee akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mdogo wangu naye," akasema, "walipomnyonga walisema ni mtu mmoja tu."

Wallahi ningepata shimo ningejifukia. Akanirudishia ile fedha kwa ncha za vidole. "Kilemba sikitaki tena. Ukimtaka mtoto, utawaletea maji wanawake wa nyumba hii mpaka mvua inyeshe."

Mnakijua kiangazi cha kule juu? Maji yako bondeni, chini kabisa, na wanaoyafuata ni wanawake. Nikateremka nao kila alfajiri, mtungi kichwani, wasichana wa Makote, kijiji jirani, wananipisha njiani wakiniuliza, "Shikamoo dada, umeamkaje?" Nikaitika. Mvua iliponyesha nilipewa Somoe wangu, kwa haki.

Lakini sikilizeni mwisho wake, hapa ndipo damu inaponichemka. Athumani hakuonekana tena Masasi. Nikasema haya, kama ni ya Mjerumani, nitamrudishia Mjerumani mwenyewe, nikaipeleka bomani kulipa kodi. Karani akaigeuza, akairusha mezani. "Haina kichwa cha Kaisari. Toa uchafu wako."

Haina kichwa! Mkunya nimebebeshwa mitungi kwa sababu kichwa kipo, bomani nafukuzwa kwa sababu hakipo! Nikawaambia waniletee nta niwaonyeshe, askari akanionyesha kiboko.

Siku hizi fedha isiyo na uso siigusi, hata ningeambiwa ni ya Nabii Suleimani, na Baba Zena akinivuta kanzu, naondoka. Ile yenyewe anayo Somoe. Anakwangulia ukoko wa ugali chunguni, na jioni nikisikia ikikwaruza, najua Mzee Nangumbi, akija kututembelea toka Mkunya na kukaa pale nje akisubiri chakula, anaisikia pia, na anatabasamu.